Albert Einstein: Mwalimu Aliyelitunza Swali

Mwalimu mwanafunzi anapolisikia jina la Albert Einstein, aghalabu humfikiria mtu aliyezaliwa na akili isiyo na mfano. Mazoea hayo yana madhara darasani, kwani humfanya mtoto aamini kuwa sayansi ni ya watu wengine. Maisha ya mtaalamu huyu yanatufunza faida ya kulitunza swali kwa miaka mingi.

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi, 1879, katika mji wa Ulm, Ujerumani. Mwaka 1895 alishindwa mtihani wa kuingia Chuo cha Ufundi cha Zurich, Uswisi, ingawa alifanya vyema katika hisabati na fizikia. Akaenda kusoma katika shule ya Aarau, iliyofuata mafunzo ya Pestalozzi, yaani mtoto aanze kwa kuona na kutenda kabla ya kukariri. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alijiuliza: mtu akiukimbilia mwali wa mwanga hadi akaenda nao sambamba, atauona vipi?

Mwaka 1900 alipata diploma ya kufundisha hisabati na fizikia. Basi naye alisomea ualimu kama sisi. Hata hivyo hakupata kazi ya kudumu. Alifundisha kwa muda mfupi mjini Winterthur, na mwaka 1902 akaajiriwa katika ofisi ya Serikali ya kusajili uvumbuzi, mjini Bern. Akiwa huko, mwaka 1905, alitoa nadharia maalumu ya uhusianifu. Misingi yake ni miwili: kanuni za maumbile ni zile zile kwa kila aendaye kwa mwendo ulionyooka usiobadilika, na kasi ya mwanga katika ombwe ni moja kwa wote hao.

Msingi wa kwanza si mgeni kwetu watu wa visiwani. Abiria aliye ndani ya chombo kinachotoka Mkoani kwenda Unguja, bahari ikiwa shwari na mwendo ukiwa sawa, akifumba macho hahisi kuwa anakwenda. Lakini chombo kikiongeza mwendo, kikipunguza au kikigeuka, mwili wake humjulisha mara moja. Badiliko hilo la mwendo ndilo liitwalo mchapuko.

Wako wanaodhani kwamba nadharia ya 1905 haiwezi kuueleza mchapuko. Dhana hiyo si sahihi. Katika makala yale yale Einstein alionyesha kuwa saa ikipelekwa kwa njia ya mzunguko na kurudi ilikotoka, itakutwa imebaki nyuma ya saa iliyotulia. Msafiri hawezi kudai kuwa yeye ndiye aliyetulia, kwa sababu alipogeuka alihisi mchapuko, na aliyebaki nyumbani hakuhisi kitu. Mwaka 1977, katika maabara ya CERN huko Geneva, wataalamu walizizungusha chembe ziitwazo muoni kwa kasi iliyokaribia ile ya mwanga. Chembe hizo zikitulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 za milioni za sekunde; katika mzunguko ule ziliishi takriban sehemu 64. Mchapuko wake ulikuwa mkubwa mno, lakini urefu wa maisha yake ulitokana na kasi peke yake, kama nadharia inavyosema.

Kilichobaki nje ya nadharia hiyo ni mvutano wa vitu. Mwaka 1907 Einstein alitambua kuwa mtu anayeanguka kutoka juu ya paa hahisi uzito wake. Wazo hilo dogo lilimchukua miaka minane, hata mwaka 1915 akakamilisha nadharia ya jumla. Ilithibitishwa kwa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei, 1919, ambapo kivuli cha mwezi kilipita Brazili, kisiwa cha Príncipe, na kuvuka Afrika hadi Ziwa Tanganyika. Alifariki Princeton, Marekani, tarehe 18 Aprili, 1955.

Je, mwalimu wa shule ya msingi achukue nini hapa? Nadharia yenyewe haifundishwi katika madarasa yetu, lakini mlango wake uko wazi kwa kila mtoto. Chukua chupa inayopitisha mwanga, itie maji nusu, uifunge na kuilaza juu ya kigari walichokiunda watoto wenyewe. Kigari kikianza kwenda, maji hupanda upande wa nyuma; kikisimama ghafla, hupanda mbele; kikienda sawasawa, hutulia. Waache watoto waseme kwanza watakachokitarajia, ndipo wajaribu. Kisha waulize: mtu asiyeona nje atajuaje kwamba anakwenda?

Usiwe na haraka ya kutoa jibu. Mtoto akirudi siku ya pili na swali lake mwenyewe, somo limefaulu.