Yatima Aliyezikwa Nyeri

Ukitoka Nairobi kwenda Nyeri kwa gari, utafika Sagana, mji wenye jina moja na mto wake. Sisi watu wa pwani tunaujua mto huo kwa jina la Tana, maana maji yake huteremka hadi Garissa na Garsen, kisha yakaingia baharini Kipini. Nilipita hapo nikienda kuzuru kaburi ambalo nililisikia tangu udogoni bila kujua liko wapi.

Kaburi lenyewe ni la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Nilipokuwa mvulana Mombasa nilivaa skafu shingoni na kufundishwa kufunga mafundo ya kamba, na tulikuwa tukionyeshwa picha ya mzee huyo mwenye kofia pana. Hatukuambiwa kwamba amelala katika nchi yetu wenyewe, wala kwamba alikuwa yatima.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa na miaka mitatu tu babaye alipofariki dunia, na mamaye, Bibi Henrietta Grace, akabaki na watoto kadhaa wa kulea. Mwaka 1876 aliingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi, na baadaye Afrika. Jina lake lilivuma kwa sababu ya mji wa Mafeking, Afrika Kusini, alioulinda kwa siku 217 ulipozingirwa na Makaburu, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900.

Hapa sina budi kusema kweli, kwani sifa bila kweli ni porojo. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele kwenye nchi iitwayo Zimbabwe leo, alimpeleka chifu mmoja aliyeitwa Uwini mbele ya baraza la kijeshi, naye akapigwa risasi hali ni mateka. Na huko Mafeking mgao wa chakula haukuwa sawa: Waafrika waliokuwamo mjini waliteswa na njaa kuliko Wazungu. Mwenye kumkumbuka bwana huyu asiyafiche hayo.

Hata hivyo, maisha yake hayakuishia vitani. Mwezi Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, wengine wa matajiri na wengine wa vibarua, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwafundisha kuwasha moto, kufuata nyayo, na kumsaidia mtu kila siku bila kungoja malipo. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha skauti, na jambo hilo likaenea duniani. Mwaka 1910 aliacha jeshi ili ashughulike na vijana.

Alioa akiwa na umri wa miaka 55, Oktoba 1912. Mkewe, Bibi Olave, alikuwa na miaka 23, na ajabu ni kwamba wote wawili walizaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja. Walijaaliwa watoto watatu: Peter, Heather na Betty. Kisha mwaka 1919 dada yake Olave akafariki akiacha mabinti watatu. Nyumba ile iliwapokea wote na kuwalea kama watoto wa kuzaliwa humo. Basi aliyekuwa yatima mwenyewe akawa mlezi wa waliofiwa na mama. Kwetu Waislamu, hakuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Uzee ulipomlemea, alikuja Nyeri mwaka 1938 pamoja na mkewe. Walijengewa nyumba ndogo kando ya hoteli ya Outspan, wakaiita Paxtu, kwa kukumbuka nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill. Na neno hilo la Kilatini maana yake ni amani. Hapo alichora ndege na wanyama, na kuandika. Aliwaachia skauti barua ya kuwaaga, akiwausia kwamba furaha ya kweli hupatikana kwa kuwafurahisha wengine. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Mkewe alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake, kwa desturi yao, yakaletwa kuwekwa pamoja naye.

Kaburi halina makuu. Juu ya jiwe limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba mtu amekwenda nyumbani. Nilisimama pale nikikumbuka kwamba katika milima hiyo hiyo, miaka 11 baada ya kifo chake, wenyeji waliingia msituni kupigania ardhi waliyonyang'anywa na serikali ileile aliyoitumikia.

Je, tumhesabu vipi mtu kama huyu? Wazee wetu walisema: Mgala muue na haki umpe. Damu ya Uwini isisahauliwe, na wale mabinti watatu pia wasisahauliwe. Nasi huku pwani tunao walimu wa vyuo wasiolipwa, waosha maiti, na akina mama waliojaza nyumba zao watoto wa ndugu marehemu. Hao hawana jiwe wala picha ukutani. Tuwaulize hali zao wangali hai.