Chapman: Fundi wa uani aliyeitikisa langalanga kwa gari jepesi

WAULIZE vijana wa gereji gari la mbio ni nini, wengi watakujibu ni injini. Mwingereza Colin Chapman aliwapiga bao wenye injini kubwa kwa miaka mingi, na silaha yake ilikuwa chesesi nyepesi na springi zilizopangwa kwa hesabu.

Alizaliwa Mei 19, 1928, akakulia kaskazini mwa London ambako baba yake aliendesha baa. Akasomea uhandisi wa majengo. Mwaka 1948 alichukua kigari chakavu cha Austin Seven, akakivua bodi kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel, akakivalisha nyingine ya plaiwudi na bati la alumini. Miaka minne baadaye wakaanzisha kampuni ya Lotus kwa pauni 25 za Hazel, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe.

Siri yake? Darasani alijifunza jinsi kenchi za paa zinavyobeba mzigo mkubwa kwa mbao chache, akayafanya hayo hayo kwa mabomba membamba ya chuma. Enzi hizo wengi walifunga springi ngumu kama jiwe ili gari lisilale kwenye kona. Jamaa akageuza kibao: chesesi ndiyo iwe ngumu, springi ziwe laini, tairi zibaki zimeng'ang'ania barabara. Maana chesesi ikijipinda, tayari una springi ya tano ambayo hakuna fundi anayeweza kuirekebisha.

Mwaka 1957 akatoa Lotus Seven, gari lililouzwa vipande vipande, mnunuzi anaenda kulifunga mwenyewe nyumbani na kukwepa kodi kihalali. Mwaka 1962 akaja na Lotus 25. Safari hii aliyatupa mabomba, akaunda boksi la bati la alumini kama mwili wa ndege, dereva karibu analala ndani.

Lakini wepesi nao una bei yake. Desemba 1962, kule East London, Afrika Kusini, Jim Clark alikuwa anaongoza mbio za mwisho za msimu. Bolti moja ikachomoka, oili ikamwagika, ubingwa ukaenda kwa Graham Hill. Mwaka uliofuata Clark alishinda mbio saba kati ya 10, akatwaa taji, akalirudia 1965.

Januari 1, 1968, Clark alishinda Kyalami, Afrika Kusini, ushindi wake wa 25 uliokuwa rekodi. Aprili 7 akafa Hockenheim, Ujerumani, akiendesha Lotus ya daraja la pili. Chapman alimpoteza dereva na rafiki.

Kisha akaja Jochen Rindt, ambaye alimlalamikia bosi wake waziwazi kwamba magari ni dhaifu mno. Septemba 5, 1970, kwenye mazoezi ya Monza, shafti ya breki ya mbele ilikatika, gari likaingia kwenye kingo, Rindt akafa. Pointi zake hazikufikiwa na yeyote, na hadi leo ndiye bingwa pekee wa langalanga aliyepewa taji akiwa marehemu.

Chapman hakuacha. Mwaka 1978 Lotus 79, iliyonyonywa na hewa kushikamana na barabara, ikampa Mario Andretti ubingwa. Likawa taji la saba la Lotus kwa upande wa watengenezaji.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Desemba 16, 1982, akiwa na miaka 54, jina lake likiwa limetajwa kwenye sakata la fedha za umma za mradi wa DeLorean.

Lotus Seven bado inatengenezwa, sasa chini ya Caterham, na watu bado wanaifunga wenyewe gereji za nyumbani. Ukiamua kupunguza kilo kwenye la kwako, fuata hesabu za Chapman. Ila kabla hujawasha, pitia tena kila bolti, na umkumbuke Rindt.