Mwili wa Livingstone Unasema Nini?

Sisi wa Tegeta barabara ya Bagamoyo tunaijua kwa foleni. Ukiifuata mpaka Bagamoyo kwenyewe, utafika kwenye misheni ya Kikatoliki ambako, Februari 1874, ulilazwa mwili mkavu wa mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Scotland, David Livingstone. Alikuwa amekufa zaidi ya miezi tisa nyuma. Shuleni tulimsoma kwa mstari mmoja, mmisionari na mpelelezi, basi. Mwili wake una habari nyingi kuliko hiyo.

Alizaliwa Blantyre mwaka 1813, kwao hali ya chini kabisa. Akiwa na miaka 10 tu alishaingia kiwanda cha pamba, saa 14 kwa siku, halafu usiku ndiyo anasoma. Akatoka hapo akawa daktari na mchungaji, akafika Afrika Kusini 1841. Mwaka 1844, kule Mabotsa, simba alimvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Haukuunga vizuri. Mfupa huo tuukumbuke.

Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, walimpasua, wakakuta tumboni bonge la damu kama ngumi. Yaani mtu alikuwa anatembea huku anakufa. Moyo na matumbo wakazika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakakunja miguu, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti.

Hakuna aliyewatuma, jamani. Tabora walikutana na msafara wa Mwingereza Cameron, wakashauriwa wamzike palepale. Wakakataa. Mbele wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao, basi wakaufunga upya ukawa kama mtumba wa nguo, na wakajifanya wameurudisha nyuma kuuzika.

Uingereza, daktari William Fergusson aliupima mkono wa kushoto, akaukuta mfupa ule. Ndipo wakaamini. Tarehe 18 Aprili 1874 mtoto wa kiwandani akazikwa Westminster Abbey, wanakolala wafalme.

Simfanyi mtakatifu. Waongofu wake ni wa kuhesabu, na mara kadhaa aliponea chakula cha wafanyabiashara ya utumwa aliokuwa anawapinga. Ila hiyo hadhi ya Abbey, kwa maoni yangu, ilibebwa begani na watu ambao vitabu vyetu vya shule vinawapita. Nikipewa darasa la Historia, naanza na wao.

Wainwright peke yake, kati ya wote, ndiye aliyelishika jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yameshakwisha, wakawekwa kitako kusaidia kuandaa shajara za marehemu. Miaka baadaye Susi alibatizwa, akachukua jina la David.