Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyeandika riwaya kwa lugha ya nyumbani

Ukisimama Kamanga kungoja kivuko cha kwenda Mwanza mjini, utasikia Kisukuma, Kizinza, Kijita, Kikerewe, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Mzinza wa upande huu akimsikiliza Mkerewe anaelewa mengi, maana lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu. Wengi wetu hata hivyo tumekua tukiambiwa kwamba lugha hizi ni za kuongea tu, na kwamba anayetaka kuandika kitabu atafute Kiswahili au Kiingereza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakukubali hilo, na kutokukubali kwake kulimgharimu miaka 35.

Alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa Wasilanga waliotawala Ukerewe. Machunda, omukama wa kisiwa hicho, alikuwa babu yake. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, upande wa Kagera, ambako alijifunza Kilatini na Kijerumani. Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akafanya kazi ya biashara Mwanza, halafu akarudi Kagunguli kuwa katekista na mfasiri wa misheni.

Anayejifunza Kilatini hufundishwa jambo moja kwa fimbo: kila neno lina umbo lake, ukikosea umbo umekosea maana. Kitereza aligundua kwamba Kikerewe nacho kina sheria zake, tena nzito, ila hakuna aliyekuwa akizifundisha darasani. Wazee waliozimiliki walikuwa wakifa. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alimtia moyo aandike, na mwaka 1945 Kitereza akamaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, juu ya maisha ya Ukerewe kabla ya wazungu kuja.

Habari yenyewe ni ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Hawapati mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wazazi wake wanakuja kumchukua wamrudishe kwao. Myombekere anampenda mkewe, anamfuata ukweni. Hapa ndipo uandishi wa Kitereza unapoonekana. Mkwe hawezi kuingia akadai. Kuna namna ya kubisha hodi, namna ya kuamkia, namna ya kukaa na kungoja aulizwe. Hasira, aibu na mapenzi yake vyote vipite ndani ya maneno ambayo mila inayaruhusu. Mwishowe anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na kuitafuta pombe hiyo ni safari nyingine ndefu.

Wapo wasomaji waliolalamika kwamba salamu ni nyingi mno kitabuni. Mimi naona wamepitwa na kitu. Mtu aliyewahi kwenda ukweni na kosa mkononi anajua kwamba salamu ile ndiyo kesi yenyewe.

Hatimaye watoto wanapatikana, na majina yao yanastahili tukae nayo kidogo. Mvulana ni Ntulanalwo, maana yake ninaishi nacho siku zote. Nacho nini? Kifo. Jina halikitaji. Hiyo *lwo* ya mwisho ni upatanisho wa ngeli tu, kama vile kwa Kiswahili tungesema *nacho* na msikilizaji akajua tunasema juu ya kitu cha ngeli ya KI. Anayejua sarufi anasikia kifo bila kutajiwa kifo. Msichana ni Bulihwali, yaani itakwisha lini, na kinachongojwa kiishe ni huzuni. Kanuni ambayo mwanafunzi huiona mzigo shuleni, hapa inabeba uchungu wa wazazi wawili. Na Kitereza alijua anachoandika: yeye na Anna hawakubakiwa na mtoto wa kuwatunza uzeeni.

Mswada haukupata mchapishaji. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, soko lake dogo, na Simard alifariki kitabu kikiwa bado ni karatasi. Miaka ya mwisho ya 1960 mtafiti wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe, wakamhimiza mzee akifasiri kitabu kwa Kiswahili. Akaanza upya, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Kikerewe hutenganisha kwa umbo la kitenzi jambo lililotokea leo, la jana na la zamani. Kiswahili kina *li* moja kwa yote, kwa hiyo mfasiri lazima aongeze neno au aache msomaji akisie. Kiswahili chake kina mwendo wa Kikerewe, sentensi ndefu za mtu anayesimulia jioni bila haraka. Mwalimu mkali angeweza kupiga mistari myekundu. Lakini hakuna kanuni ya Kiswahili inayokataza mtu kuingia nacho kwa mwendo wa kwao.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika alifasiri kutoka mswada wa Kikerewe, si kutoka Kiswahili. Na hata kwa Kiingereza, mtoto yule bado anaitwa Ntulanalwo.