Cardano: Bingwa wa hesabu aliyeshindwa na dado

Wapo vijana wanaodai kwamba kamari ni kazi kama kazi nyingine, mradi mtu azijue hesabu zake. Hao wangefaa kusimuliwa maisha ya Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia, kwani ni wachache mno katika zama zake walioijua hesabu ya kamari kama yeye.

Cardano alizaliwa mjini Pavia mwaka 1501. Babake, Fazio, alikuwa mwanasheria. Kijana aliufuja urithi mdogo alioachiwa na mzee huyo, kisha akageukia karata, dado na sataranji ili ajikimu. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hesabu, aghalabu alishinda kuliko alivyoshindwa. Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kazi.

Alipohitimu udaktari, chama cha matabibu wa Milan kilimkataa kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Akaikimbilia tena kamari, lakini safari hii bahati ilimpa kisogo. Aliweka rehani vito vya mkewe, Lucia, pamoja na vyombo vya nyumba, na hatimaye wakaishia katika makao ya maskini. Elimu ndiyo iliyomwokoa. Alipata kazi ya kufundisha hisabati, chama kikamkubali mwaka 1539, na mwaka 1545 akachapisha Ars Magna, kitabu mashuhuri cha aljebra. Mwaka 1552 aliitwa hadi Uskoti kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton.

Aliandika pia kitabu juu ya michezo ya bahati, kilichochapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake. Humo alionyesha kwamba dado mbili zina njia 36 za kuanguka, na dado tatu zina njia 216. Hakuona ubaya mtu kucheza kwa dau dogo ili kuliwaza moyo. Lakini aliwaonya matabibu na wanasheria: wakishinda wataitwa wacheza kamari, na wakishindwa watu watadhani hata kazi zao hawazijui. Tena alikiri kwamba faida kubwa kuliko zote ni kutocheza kabisa.

Laiti angalifuata ushauri wake mwenyewe! Uzeeni alijutia heshima, mali na wakati alivyopoteza. Na maji hufuata mkondo: mwanawe Aldo naye alizama katika kamari, akapoteza hata nguo zake, na mwaka 1569 akavunja nyumba ya babake huko Bologna na kuiba fedha na vito. Mzee alilazimika kumshtaki mwanawe, naye akafukuzwa mjini. Cardano alifariki Roma mwaka 1576.

Mchezo wa kujiburudisha huisha wachezaji wanapoinuka. Aliyeufanya kazi hainuki: akishinda hutaka zaidi, akishindwa hutaka kukomboa chake. Hesabu humwonyesha mtu hatari, lakini haimpi nguvu ya kuondoka mezani. Siku hizi meza hiyo imo ndani ya simu ya mwanafunzi, na anayeweka masharti ni kampuni iliyokwisha kupiga hesabu ili faida ibaki kwake.

Walimu wa hisabati, fundisheni uwezekano kwa mfano wa dado. Lakini msikomee kwenye zile njia 36. Wasimulieni wanafunzi pia habari za vito vya Lucia.