Krapf Hakukifunga Kitabu

Tukisoma Biblia pamoja manyumbani, huku Migori na hata Homa Bay, swali moja halikosi: kama Mungu anatawala, mbona ameruhusu msiba huu? Jibu la haraka sina. Nina maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Mmishenari huyu Mjerumani alihamia Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Tayari walikuwa wamezika mtoto. Juni akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua, akafa, na kichanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Mimi nilisomea biashara. Kwa hesabu yangu ningefunga duka. Yeye alirudi kwa kazi. Mwaka 1846 Rebmann akaja, wakaanzisha misheni Rabai. Alifariki kwao mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti.

Wiki hii tukifika kwa Yusufu shimoni, tusimharakishe mfiwa kusema amina. Tukae naye, tusome mpaka mwisho wa kitabu. Mungu yuko kwenye kiti chake.