Jamaa Aliyeipigia Damu Hesabu

Hebu weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako. Unasikia mpigo? Aliyetueleza maana yake ni William Harvey, Mwingereza aliyezaliwa 1578 na kusomea udaktari Padua, Italia.

Enzi hizo madaktari bado walimwamini Galen, tabibu wa karne ya pili: eti ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula, kisha mwili unaimaliza. Harvey akapiga hesabu. Ndani ya nusu saa tu, moyo husukuma damu nyingi kuliko iliyo mwilini mzima. Sasa hiyo yote itoke kwa chakula gani? Lazima ni ileile inayozunguka!

Alichapisha kitabu mwaka wa 1628. Unadhani alishangiliwa? Wapi! Alionekana kichaa, wagonjwa wakahepa.

Pengo moja lilibaki: damu hutokaje kwenye ateri na kuingia kwenye vena? Harvey alifariki 1657 bila kuona jibu. Miaka minne baadaye, Mwitaliano Marcello Malpighi akaona vimishipa vyenyewe kwa hadubini, kwenye mapafu ya chura.

Kwa hivyo wakikucheka, rudia hesabu zako kwanza. Zikiwa sawa, tulia.